Maziwa na chunusi: namna ya kujua kama chai ya maziwa ndiyo inayokuponza

Kijana akianza kutoka chunusi, ushauri humfikia kabla hajauomba: acha maziwa, acha karanga, acha mafuta. Wengi huacha maziwa siku saba, wakiona uso uko vilevile wanarudi kwenye kikombe chao. Wengine huyaacha moja kwa moja, mwaka wa pili sasa, na chunusi bado zipo. Wote wawili hawajajua lolote. Maziwa huweza kuchangia chunusi kwa baadhi ya watu na yasichangie kabisa kwa wengine, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia uko upande gani. Kilichopo ni kupima kwenye uso wako mwenyewe, kwa utaratibu, kwa wiki 20. Ni muda mrefu, na sababu ya urefu huo utaiona hapa chini.

Maziwa yanaufikiaje uso

Chini ya kila kinyweleo kuna tezi ndogo ya mafuta. Chunusi huanza pale tezi inapotoa mafuta kupita kiasi, huku seli zilizokufa za ngozi zikishikamana na kuziba tundu. Bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu, hustawi ndani ya mafuta yaliyonaswa. Mwili ukipambana, ndipo unapata uvimbe, maumivu na usaha.

Kazi ya maziwa ni kukuza ndama haraka. Protini zake karibu asilimia 80 ni kaseini, na zinazobaki ni zile za maji ya maziwa, yaani yale yanayochujika jibini inapotengenezwa. Protini hizi hupandisha insulini kuliko ambavyo ungetarajia ukiangalia sukari ya maziwa peke yake, na unywaji wa maziwa huongeza pia homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1. Homoni hizo mbili huihimiza tezi itoe mafuta zaidi na seli za tundu zizaliane haraka zaidi. Kwa kijana wa miaka 15, ambaye mwili wake tayari umejaa homoni za kubalehe, hapo ndipo kikombe kinaweza kuongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuwashwa.

Angalia kwamba mafuta ya maziwa hayajatajwa popote hapo juu. Dhana kwamba malai hutoka tumboni yakajitokeza usoni si sahihi, na inawapotosha watu kwa namna moja mahususi: wanabadili na kunywa maziwa yaliyoondolewa mafuta wakidhani wamejiokoa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walichambua majibu ya wanawake 47,355 kuhusu walichokula walipokuwa sekondari, na uhusiano na chunusi ulionekana zaidi kwenye maziwa yaliyoenguliwa mafuta kuliko maziwa kamili. Hata yale yanayobaki kwenye kibuyu baada ya kutikiswa na siagi kutolewa bado yana protini zake, kwa hiyo yahesabu kama maziwa.

Mwaka 2018 uchambuzi mwingine uliunganisha tafiti 14 zenye watu 78,529 wa umri wa miaka 7 hadi 30. Wanywaji wa maziwa walikuwa na uwezekano wa kuwa na chunusi uliozidi wa wasiokunywa kwa takriban robo. Hizi ni tafiti za kuuliza na kulinganisha. Zinaonyesha kwamba mambo mawili huenda pamoja, hazithibitishi kwamba moja limezaa lingine. Kwa mtindi ushahidi ni dhaifu zaidi. Robo si kitu cha kupuuza, lakini pia si sababu ya kumnyang'anya kila mwanafunzi chai yake.

Jambo moja linalochanganywa sana: maziwa kukujaza gesi au kukuharisha ni suala la laktosi, yaani sukari ya maziwa, na halina uhusiano na chunusi. Maziwa yaliyoondolewa laktosi yana protini zilezile.

Kwanza ondoa washukiwa wengine

Kupima maziwa wakati uso unaharibiwa na kitu kingine ni kupoteza miezi mitano. Kagua haya kabla hujaanza.

Mkorogo na krimu za kung'arisha. Nyingi zina steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, hata pale ambapo kibandiko hakisemi. Steroidi hutoa vipele vidogo vingi vinavyofanana, ngozi huwa nyembamba, na ukiacha ghafla uso hulipuka kwa wiki kadhaa. Mtu hudhani ameponzwa na chakula. Kama umetumia krimu ya aina hiyo kwa zaidi ya mwezi, nenda kliniki ya ngozi uelekezwe namna ya kuiacha. Suala la maziwa lisubiri.

Mafuta ya nywele na ya mwili. Hewa ya hapa Dodoma ni kavu, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, na karibu kila mtu hujipaka. Mafuta mazito ya nywele hushuka kwenye paji la uso na kuziba matundu kando ya nywele. Chunusi zikiwa zimekaa kwenye paji na kwenye kingo za uso tu, anza hapo. Mafuta ya nazi na siagi ya kakao huziba matundu kwa urahisi. Yaishie shingoni kwenda chini. Usoni tumia losheni nyepesi ambayo kibandiko chake kinasema haizibi vinyweleo.

Dawa. Isoniazidi ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, vidonge vya steroidi, na uzazi wa mpango wa kijiti au sindano vinaweza kuleta au kuzidisha chunusi. Usiache dawa yoyote kwa sababu hiyo. Mwambie aliyekuandikia.

Unga wa protini wa mazoezi. Kwa vijana wa jim huyu ndiye mshukiwa wa kwanza, kabla ya maziwa ya kikombe. Mwingi hutengenezwa kwa protini za maji ya maziwa zilizokolezwa, na madaktari wameripoti vijana waliotoka chunusi nyingi, hasa kifuani na mgongoni, zikapungua walipouacha. Uache kwanza, wiki 12, ndipo uangalie kama bado kuna haja ya kuugusa mtindi wako.

Na vipele vinavyowasha. Chunusi huuma zaidi kuliko kuwasha. Vipele vya saizi moja vinavyowasha kwenye paji, kifua na mgongo, hasa ukitoka jasho, mara nyingi ni fangasi wa vinyweleo na vinataka dawa tofauti kabisa.

Wapo pia ambao hawapaswi kufanya jaribio hili: mtoto mdogo, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye uzito pungufu, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na hofu ya kula. Mwenye vinundu vikubwa vinavyouma au makovu yanayoanza kuchimbika asisubiri miezi mitano. Anahitaji matibabu wiki hii, kwa sababu kovu halirudi nyuma. Mwanamke ambaye hedhi yake inaruka miezi na anaota ndevu kidevuni apimwe homoni kwanza.

Chagua wakati wa kuanza

Uso hubadilika na hali ya hewa. Ukianza Agosti kwenye vumbi na upepo, ukamaliza Desemba kwenye mvua, hutajua kilichofanya kazi. Kanda ya kati ina misimu miwili inayoeleweka, na wiki 20 zinaingia ndani ya mmoja: anza katikati ya Mei umalize mwishoni mwa Septemba, au anza mwanzoni mwa Desemba umalize Aprili. Tunapendelea Mei. Mvua huja na jasho, na kipindi hicho kina sikukuu ambazo hakuna anayezipita kwa chai ya rangi. Angalia pia kalenda ya Ramadhani na Kwaresima, maana mlo hubadilika, na kwa mwanafunzi wa chuo epuka mitihani isiangukie kwenye wiki za mwisho.

Wiki ya 1 na ya 2: hesabu tu, usibadilishe kitu

Hapa ndipo watu wengi huruka, na bila hapa hakuna jaribio. Kunywa maziwa kama kawaida yako, ila yapime. Chukua kikombe cha mililita 250 na uone unatumia vingapi kwa siku. Chai ya maziwa ya nyumbani mara nyingi ni nusu maji nusu maziwa, kwa hiyo vikombe viwili vya chai ni kikombe kimoja cha maziwa. Ya kibandani huwezi kuipima. Iandike kama nusu. Mtindi uandike peke yake. Ukigundua unakunywa chini ya nusu kikombe kwa siku, acha jaribio hapa: maziwa yako ni machache mno kuwa chanzo cha uso uliojaa chunusi.

Kila Jumapili asubuhi, baada ya kunawa na kabla ya kupaka chochote, hesabu chunusi mbele ya dirisha lilelile. Gawa uso mara tano: paji, shavu la kulia, shavu la kushoto, pua, kidevu. Andika makundi mawili: zilizoziba tu (vichwa vyeupe na vyeusi) na zilizovimba (zenye maumivu au usaha). Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia ncha ya kidole safi: iliyovimba utaihisi kabla ya kuiona.

Madoa meusi usiyahesabu. Doa ni alama ya chunusi iliyokwisha pona, na kwa ngozi zetu hukaa miezi. Kosa hili linaharibu majaribio mengi kuliko lingine lolote: chunusi mpya zimekoma, lakini mtu akijitazama kwenye kioo anaona uso ni uleule wa jana, anakata tamaa wiki ya 6.

Piga picha tatu, mbele na pande mbili, bila flashi, na uzime kabisa kile kipengele cha kamera kinacholainisha ngozi. Simu nyingi huja kikiwa kimewashwa.

Wiki ya 3 hadi ya 14: bila maziwa

Wiki 12 zinatokana na ngozi yenyewe. Tundu huanza kuziba kwa siri takriban wiki nane kabla chunusi haijaonekana. Zitakazotoka mwezi wa kwanza wa jaribio zilikwisha anza wakati bado unakunywa. Usizihesabu kama kushindwa. Kinachokupa jibu ni wiki nne za mwisho.

Unachoacha ni maziwa ya kunywa ya aina zote, ya ng'ombe na ya mbuzi, freshi, ya pakiti na ya unga, pamoja na mtindi, aiskrimu, jibini, chokoleti ya kunywa na kahawa za pakiti zilizochanganywa tayari. Uji wa lishe usitiwe maziwa ya unga. Samli haina protini za kutosha kukusumbua. Tui la nazi si maziwa ya mnyama, endelea nalo. Kuhusu maandazi na keki zilizokandwa kwa maziwa kidogo, ushauri wetu ni usihangaike: tafiti zinazungumzia vikombe, si matone. Kula kiasi kilekile ulichokuwa unakula.

Mtego mkubwa uko kwenye kikombe kilichobaki wazi. Chai ya maziwa ina utamu wake. Ukihamia chai ya rangi mkono unakwenda kwenye sukari, kijiko kimoja kinakuwa vitatu, na andazi la pili linaingia kujaza tumbo ambalo maziwa yalikuwa yakilishibisha. Sukari na unga mweupe vyenyewe hupandisha insulini, na kwa upande huo ushahidi ni bora kuliko wa maziwa: mwaka 2007 nchini Australia jaribio la wiki 12 kwa vijana wa kiume 43 lilionyesha chunusi zikipungua zaidi kwa waliokula mlo usiopandisha sukari haraka. Kwa hiyo ukiondoa maziwa ukaongeza sukari umeng'oa mwiba mguu mmoja ukauchoma mwingine. Chemsha chai na tangawizi, iliki au mchaichai, na sukari ibaki vijiko vilevile vya wiki ya kwanza. Soda isiingie mahali pa mtindi.

Kwenye kalisi uwe makini. Mwenye miaka 9 hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 kwa siku, mtu mzima chini ya miaka 50 miligramu 1,000, na kikombe kimoja cha maziwa huleta karibu 300. Kwa bahati nzuri chakula cha kanda hii kinaweza kuziba pengo. Bakuli la uji wa ulezi lenye gramu 50 za unga hutoa takriban miligramu 170. Ongeza kijiko cha ufuta uliosagwa, ambao ukiwa na maganda yake ni kati ya vyakula vyenye kalisi nyingi zaidi. Dagaa waliokaushwa waliwe na mifupa yao. Unga wa ubuyu, ambao hapa ni rahisi kuupata, unachanganyika vizuri kwenye uji badala ya maziwa na kuupa ukakasi mzuri. Tumia unga mweupe, sio ubuyu mwekundu wa kutafuna uliopikwa na sukari. Mgagani nao ni mzuri. Mchicha una kalisi, ila sehemu kubwa imefungwa na tindikali iliyomo kwenye majani na mwili hauipati, kwa hiyo usiutegemee peke yake. Protini ipate kwa kunde, choroko, maharage na mayai. Maziwa ya soya yanafaa kama hayana sukari iliyoongezwa.

Vitu vingine vyote vibaki vilevile. Sabuni ileile, mafuta yaleyale. Kama tayari unatumia dawa ya chunusi kwa zaidi ya miezi mitatu, endelea nayo bila kuongeza wala kupunguza. Usianze dawa mpya katikati. Wasichana waandike siku za hedhi, kwa sababu chunusi huongezeka siku chache kabla. Linganisha wiki ya kabla ya hedhi na wiki ya kabla ya hedhi nyingine, sio na ile inayofuata.

Ukiteleza siku moja, harusini au kwa bibi aliyekukaribisha mtindi, andika na uendelee. Kikombe kimoja hakifuti wiki tano. Vikombe vitatu kila wiki vinafuta.

Wiki ya 15 hadi ya 20: yarudishe

Watu huona hatua hii haina maana. Uso umetulia, wa nini kuuchokoza? Kwa sababu chunusi hupanda na kushuka zenyewe, na kijana huzidi kukua kila mwezi. Usiporudisha maziwa hutajua kama chunusi zimepungua zenyewe au ni kwa sababu ya kuacha maziwa, na utajinyima kwa miaka bila uhakika.

Kunywa kiasi kilekile cha wiki ya kwanza, kila siku, wiki sita. Maziwa freshi yachemshwe mpaka yafure, maana maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na maradhi mengine. Mtindi usiurudishe bado. Endelea kuhesabu Jumapili.

Kusoma namba

Chukua wastani wa wiki 1 na 2, wastani wa wiki 11 hadi 14, na wastani wa wiki 17 hadi 20. Hesabu ya macho hubadilika kwa kiasi fulani hata pasipo kitu kilichobadilika, kwa hiyo kutoka 24 hadi 20 usikuite kupungua.

Zikienda 24, kisha 10, kisha 21, maziwa yanakuchangia. Zikienda 24, 10, halafu zikabaki 9 ukiwa umerudisha vikombe vyako, zimepungua kwa sababu nyingine, endelea kunywa. Zikienda 24, 22, 25, maziwa yako huru na uyarudishe bila wasiwasi. Gumu ni lile la katikati, mfano 24, 16, 19: hapo yanaweza kuchangia kidogo, na jibu la busara ni kupunguza hadi nusu kikombe kwa siku na kuweka nguvu kwenye dawa.

Aliyeona maziwa yanamchangia ajaribu mtindi peke yake, kikombe kimoja kwa siku usiotiwa sukari, wiki sita nyingine. Wapo wanaoumudu vizuri, na ni njia ya kurudisha kalisi mezani.

Hata jibu likiwa ndiyo, dawa bado inahitajika

Kuacha maziwa hupunguza kuni. Mara chache huuzima moto. Jaribio likimalizika anza benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, mara moja usiku, tabaka jembamba kwenye eneo zima linalotoka chunusi badala ya kupaka chunusi moja moja. Anza usiku mmoja kwa kuruka mmoja, ngozi ikizoea paka kila usiku. Hubadilisha rangi ya foronya na khanga, kwa hiyo lalia kitambaa cheupe. Adapaleni ya asilimia 0.1 hufungua matundu yaliyoziba: kiasi cha punje moja ya mbaazi kwa uso wote, na haitumiwi na mjamzito. Zote mbili huonyesha matokeo kati ya wiki 8 na 12. Asubuhi paka kinga ya jua; jua la hapa hukoleza madoa.

Ukipewa vidonge vya tetrasaiklini, usivimeze kwa maziwa wala karibu na muda wa maziwa. Kalisi hujishika na dawa tumboni na sehemu kubwa haiingii mwilini. Doksisaiklini haiathiriki sana, lakini nayo imeze kwa glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa wima, usilale kwa nusu saa ili isikuchubue koo. Dawa hizi hazifai kwa mjamzito, na tetrasaiklini hasa haifai kwa mtoto chini ya miaka minane. Na zote huifanya ngozi iungue na jua upesi.

Miezi mitatu ya dawa ikipita bila nafuu, peleka daftari lako la hesabu na zile picha kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa. Wataalamu wengi wa ngozi walioko mikoani wamepitia kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, na daftari la wiki 20 litawaokolea maswali mengi.